Kizingiti Kilichomshinda Bi Hamira

Jirani zangu, sogeeni karibu mnisikilize. Habari hii imetokea mtaani kwetu, na ninaisimulia kwa idhini ya waliopatwa nayo. Binti mwenyewe aliniambia, "Waambie watu. Usinifunike." Basi sitamfunika.

Pale kwenye kona ilikuwepo nyumba ya mwokaji mikate. Asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mapaa, harufu ya mkate iliingia madirishani kwa watu bila kubisha hodi. Mtoto aliyegoma kuamka kwenda shule, harufu ile ilimwamsha kuliko mama yake. Mwenye nyumba hiyo watu walimwita Bi Hamira, kwa kazi yake na pia kwa tabia yake, maana alipoingia mahali walionywea waliumuka. Mteja akilalamika kwamba mkate umekuwa mdogo, alimjibu, "Mkate ni uleule, mwanangu. Tumbo lako ndilo limekua." Mteja alicheka, akalipa, akaondoka na mkate wake mdogo.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Benchi lake lilikaa barazani, nje ya mlango wa duka la mkewe. Mtu wa maneno machache. Ukimsalimu alikujibu huku misumari iko mdomoni. Walikuwa na binti mmoja, mtu mzima sasa, aliyeacha ukarani akaja kumsaidia mama yake dukani. Huyo tulimwita Chapuchapu. Alitembea kama aliyeitwa. Alifunga mikate, akatoa chenji, akafuta kaunta, yote kwa pumzi moja. Alikuwa mchapakazi, asije mtu akasema nimemnyima haki yake. Bila yeye duka lile lingefungwa zamani.

Maisha yao yalikwenda hivyo, mtu na kazi yake, mpaka siku trei nzima ilipoungua.

"Mama! Harufu ya kuungua imejaa nyumba nzima, wewe huisikii?" Chapuchapu alikuja mbio kutoka dukani.

Bi Hamira alikuwa amesimama karibu na tanuri, anakunja mifuko. Akainua pua, akanusa. "Harufu gani?"

Binti akafungua mlango wa tanuri, moshi mweusi ukawapiga usoni wote wawili. Siku hiyo walicheka. Baba akasema kutoka barazani kwamba mikate ile angeipigilia iwe soli. Lakini trei ya pili iliungua, na nyingine tena, na kicheko kikaisha. Bi Hamira alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa, na mwenyewe hakujua ulimtoka lini. Nani huhesabu harufu asizozisikia?

Kisha likaja suala la keki. Mama mmoja aliagiza keki ya mahafali ya mwanawe, iandikwe "Hongera Mwanangu". Kwa miaka mingi Bi Hamira ndiye aliyeandika maneno kwa krimu juu ya keki, herufi nono zilizolala vizuri. Safari hii herufi ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ikapungua, na kufika mwisho wa maneno zikawa kama sisimizi waliojipanga. Mteja alipofunua boksi mbele ya wageni wake, hakufurahi. Akarudi na boksi mkononi.

"Hii ni hongera au ni siri?" akauliza.

Chapuchapu aliomba radhi, akarudisha pesa, akamgeukia mama yake watu wakiwa bado dukani. "Mama, kama umechoka sema. Usitutie aibu."

Bi Hamira alitazama keki. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani nimeandika sawa."

"Ongea nikusikie!" binti akasema. Maana hata sauti ilikuwa imeanza kushuka, na kumsikia ilibidi umkaribie kama mnapeana umbea.

Jirani zangu, ngojeni kidogo hapa. Kila jambo nililolitaja ni dogo. Pua haisikii harufu, herufi zinapungua, sauti inashuka. Mtu atasema ni uzee, ni uchovu. Kila dalili ilikuja peke yake, na kwa kuwa zilikuja mojamoja, hakuna aliyeziweka pamoja.

Kilichofuata ni uso. Bi Hamira, yule wa mizaha, aliacha kutabasamu. Uso wake ukakaa vilevile, macho yakifumba na kufumbua kwa nadra, kama mtu anayekutazama kutoka kwenye picha. Wateja walisema maneno yaleyale ya zamani wakingoja jibu la kuchekesha. Jibu lilikuja, lakini lilikuja limechelewa, kwa sauti ya chini, na bila uso wa kulisindikiza. Mzaha bila tabasamu hugeuka tusi. Alipomwambia mteja kuhusu tumbo lake, yule mteja alikasirika kweli, akahama duka. Huko bombani wachota maji wakaanza kusema, "Bi Hamira siku hizi anatununia. Pesa imempanda kichwani."

Mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Watu wakabadili maneno: si pesa tena, ni pombe. "Hamira ile siku hizi anainywa," mmoja akasema, na wenzake wakacheka sana.

Maneno hayo yalimfikia Chapuchapu, yakamchoma. Alijua mama yake hanywi. Lakini akaanza kumchunguza ule mkono, na akaona jambo lililomfanya awe mkali zaidi. Mkono ulitetemeka pale tu ulipopumzika juu ya paja au juu ya meza. Bi Hamira alipounyoosha kuchukua kikombe, ulitulia.

"Kumbe!" alimwambia baba yake barazani. "Akishika kikombe mkono unatulia. Akiambiwa kazi unatetemeka. Baba, mgonjwa gani huyo anayechagua saa ya kuugua?"

Baba alikuwa na kiatu mapajani. Aliendelea kupiga nyundo. "Mwache mama yako," alisema.

Jingine lilikuwa kizingiti. Kati ya chumba cha tanuri na duka ulikuwepo mlango mwembamba, usio na pazia wala ngazi, na kizingiti chake kilikuwa sawa na sakafu. Bi Hamira akifika pale, miguu yake iliganda. Mwili ulitaka kwenda mbele, visigino vikatikisika, nyayo zikabaki zimeshika sakafu. Alisimama hivyo huku amebeba trei, mpaka miguu ilipofunguka. Na siku moja, mfuko wa unga ulikuwa umeanguka katikati ya njia hiyohiyo. Chapuchapu alimwona mama yake kwa macho yake: alifika, akautazama mfuko, akainua mguu, akauvuka kama msichana.

"Mfuko unaweza kuuvuka, sakafu tupu inakushinda?" binti alisema. "Mama, tuambiane ukweli. Hutaki kazi."

"Nataka, mwanangu."

"Basi wewe ni mvivu."

Nimesema sitamfunika, na yeye hataki nimfunike. Alimwita hivyo. Na tangu siku hiyo likawa ndilo jina la mama yake ndani ya nyumba. Mvivu amka. Mvivu sogea. Mvivu, wateja wanangoja. Alisema kwa ukali, akadhani anamsaidia, kama vile mtu anavyompiga makofi aliyezirai ili azinduke. Mama akajaribu. Alianza kuficha mkono kwenye mfuko wa aproni. Alianza kuamka mapema kuliko zamani ili amalize kuvaa vifungo kabla ya kuitwa. Vifungo vya gauni moja vilimchukua muda wa kukanda unga wa trei nzima.

Ikafika asubuhi ya siku ambayo duka lilijaa. Shule fulani ilikuwa imeagiza mikate mingi, na wateja wa kawaida walisimama hadi barazani. Chapuchapu alitoka kwenye tanuri na trei mbili za moto, moja juu ya nyingine, vitambaa vikianza kupitisha joto viganjani. Mbele yake, mlangoni, alisimama mama yake. Ameganda.

"Pita, mama."

Visigino vilitikisika.

"Mama, naungua! Pita!"

"Nakwenda," Bi Hamira alisema. Hakwenda.

Chapuchapu alimsukuma kwa bega.

Mtu mwenye afya akisukumwa hutupa mguu mbele, au hutanguliza mikono. Bi Hamira hakufanya hata kimoja. Alianguka mzimamzima, kama ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akapiga sakafu ya duka kwa ubavu. Mlio wake waliusikia waliokuwa mlangoni. Watu wakageuka. Na binti, trei bado mkononi, alisema maneno ambayo leo hii angetoa chochote ayarudishe kinywani.

"Amka, mama. Watu wanakutazama."

Mama hakuamka. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Baba aliingia, misumari ikimdondoka mdomoni mmojammoja, akapiga magoti sakafuni katikati ya unga, akamshika mkewe kichwa. Alimtazama binti yake mara moja tu. Chapuchapu ananiambia kwamba baba yake hajawahi kumpiga maishani, na siku hiyo alitamani ampige.

Hospitali walimfanyia upasuaji wa nyonga. Siku zilizofuata, daktari mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa akipita wodini. Akasimama kwenye kitanda cha Bi Hamira, akakaa muda mrefu kuliko kawaida bila kugusa mguu. Alimtazama uso. Akautazama mkono uliokuwa ukitetemeka juu ya shuka. Akaushika kiganjani, akaukunja na kuukunjua polepole, akausikia unavyokatakata kama gurudumu lenye meno. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Vidole vilianza kwa upana, vikapungua, vikapungua, vikasimama.

Daktari akawageukia baba na binti. "Tangu lini mama hatabasamu?"

Chapuchapu akajibu, "Amekuwa mkali, daktari."

"Mkali kwa maneno?"

Binti akafikiri. Akatafuta neno moja kali ambalo mama yake alimwambia katika kipindi chote kile. Hakulipata.

"Si ukali," daktari alisema. "Kutabasamu ni mwendo. Kumeza ni mwendo. Kuongea, kuandika, kufunga kifungo, yote ni miendo. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini, na hiyo ndiyo inayosaidia amri za mwendo zipite vizuri. Seli zile zikifa kidogokidogo, dopamini inapungua. Mtu anataka kwenda, ubongo unatoa amri, lakini amri inafika imechelewa na imedhoofika. Ndipo mwili unakuwa mzito na misuli inakaza. Ugonjwa huu unaitwa Parkinson. Nadhani mama anao, na si wa jana. Hauna kipimo cha damu cha kutuambia moja kwa moja. Tunautambua kwa kumtazama mgonjwa, kusikiliza habari zake, na kuona dawa inavyomsaidia."

"Lakini mkono unatulia akishika kikombe," Chapuchapu alisema, kama anayeng'ang'ania kamba ya mwisho.

"Ndivyo unavyotetemeka huu. Mara nyingi hutetemeka ukiwa umepumzika, ukifanya kazi hutulia."

"Na aliuvuka mfuko wa unga! Mlango mtupu ukamshinda!"

Daktari alivua miwani. "Mwendo tunaoufanya bila kufikiri ndio unaoharibika zaidi. Ukimwekea kitu cha kuvuka, jicho linaona, akili inapanga hatua, na ubongo unapata njia nyingine ya kupitisha ile amri. Mlango mwembamba hauna cha kuvuka, na mara nyingi ndipo wanapoganda. Ukimharakisha, anaganda zaidi."

Ukimharakisha, anaganda zaidi. Chapuchapu alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na mgonjwa. Akauliza, "Ni mimi niliyemletea ugonjwa huu? Kwa kumfokea?"

"Hapana. Ugonjwa hukuuleta wewe."

Daktari akavaa miwani yake. Alikuwa ameshasoma jinsi nyonga ilivyovunjika. Hakuongeza lolote, na binti hakuuliza la nyonga.

Ndipo fundi viatu aliposema. "Na mimi nilijua."

Wote wakamtazama.

"Sikujua ni ugonjwa gani. Lakini kiatu chake cha kulia kilikuwa kinakwisha ncha. Cha kushoto kizima, cha kulia kimechanika mbele, kama cha mtu anayeburuta mguu. Nilikishona. Kikachanika tena, nikakishona tena. Kazi yangu ni kutazama viatu, nikatazama kiatu, sikumtazama aliyekivaa." Alifuta uso kwa kiganja. "Na ulipomwita lile jina, niliona heri ninyamaze yaishe."

Daktari alipoondoka, Chapuchapu alisogeza kiti karibu na mto wa mama yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia miguu inakataa?"

Bi Hamira alichukua muda. Safari hii binti alingoja.

"Nilikuwa naiambia twende, inakaa," alisema kwa ile sauti ndogo. "Sikujua kuna ugonjwa wa hivyo. Wewe ukasema mvivu. Nikasema basi, labda nimekuwa mvivu. Nilikuwa namwomba Mungu aniondolee uvivu."

Jirani zangu, nimewahi kusikia watu wakilia msibani. Chapuchapu hakulia hivyo. Anasema alibaki mkavu, kinywa wazi, akimwona mama yake alfajiri zile zote, anahangaika na vifungo na kuomba msamaha wa dhambi ambayo hakuwa nayo.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Lakini uso haukubadilika. Binti aliutafuta msamaha usoni, kama sote tunavyofanya. Tunasikia neno, kisha tunatazama macho tuone kama ni kweli. Pale hapakuwa na cha kuona. Akauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, kila alipoleta chakula. "Umenisamehe kweli, mama?" Na kila mara lile jibu, na ule uso. Mwisho Bi Hamira akasema, "Mwanangu, usinichoshe kwa msamaha. Nimekupa. Sasa nipe maji."

Alimpa maji. Mama alikuwa ametoa mzaha, ila ulimpita binti, akaukumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani, akasimama katikati ya barabara akicheka na kulia hata watu wakamkwepa.

Dawa zilianza. Si dawa za kuponya, daktari aliwaeleza hilo waziwazi. Ni za kumrudishia ubongoni sehemu ya kile kilichopungua. Aliwaambia zimezwe kwa saa zake, na zisikatwe ghafla hata akijisikia mzima. Baada ya majuma kadhaa, mkono ulipunguza kutetemeka. Mwili ukalegea kidogo. Asubuhi moja mteja aliuliza mbona mkate mdogo, na kutoka kwenye kiti chake nyuma ya kaunta Bi Hamira akamjibu lile jibu lake, na pembe moja ya mdomo ikapanda. Nusu tabasamu. Chapuchapu aliliona akaenda kusimama chumba cha tanuri mpaka machozi yakakauka.

Wamebandika vipande vya utepe mweupe sakafuni mlangoni, kimoja mbele ya kingine, ili mama apate cha kuvuka. Akikwama, binti husimama kando na kumhesabia, "moja, mbili, moja, mbili," kwa upole, bila kumshika mkono wala kumvuta. Keki siku hizi anaziandika Chapuchapu, kwa herufi mbovu, na mama anamcheka. Wale wa bombani walikuja mmoja baada ya mwingine na vikapu vya matunda na nyuso za kutazama chini. Bi Hamira aliwapokea wote.

Mngependa niishie hapo. Lakini nyonga iliyovunjika iliunga vibaya, na mguu ule ukabaki mfupi. Bi Hamira anachechemea, anatembelea fremu ya chuma ya kushikilia, na madaktari wamesema atachechemea hivyo siku zote. Kutetemeka kulipata dawa. Kuchechemea hakuna dawa. Ugonjwa ulichukua chake, na bega la binti likachukua chake, na vyote viwili viko katika mwili mmoja unaopita dukani kila asubuhi. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Chapuchapu mjukuu huyo amekuja akahamia kabisa. Akiwa anakanda unga, anasikia fremu inagonga sakafu, kisha mguu mmoja mzito, kisha mwepesi. Anaujua mlio huo kuliko jina lake. Hajui kama mama aliwahi kumlaumu hata kidogo moyoni, na ameacha kuuliza. Anaacha unga, ananawa mikono, anakwenda mlangoni kumhesabia.

FUNZO

Jirani zangu, mwenzako akibadilika, usimpe jina kabla hujampeleka kwa daktari. Mvivu, mlevi, mwenye majivuno, mwigizaji: majina haya ni mepesi kutamka, na mgonjwa asiyejua anaumwa nini anaweza kuyaamini. Ukiona mzazi wako hatabasamu tena, anaburuta mguu, anaandika herufi ndogondogo, hasikii harufu, anatetemeka mkono ukiwa umepumzika, anaganda mlangoni, usimfokee wala usimsukume. Ugonjwa huu si laana, hauambukizi, na si utundu wa uzeeni. Ni ubongo unaoshindwa kufikisha amri, na ipo dawa ya kumpunguzia mzigo.

Na wewe unayeona ukanyamaza ili yaishe, fahamu kwamba hayaishi. Uliza mapema. Mgonjwa wa Parkinson anahitaji dawa, lakini kabla ya dawa anahitaji mtu wa kumngoja. Kumngoja hakugharimu kitu. Kutomngoja, mwulizeni Chapuchapu.